Keki ya Kukata Sukari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Violeth alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchemsha chai, na kuvumilia maneno ya baba yake kuhusu hiyo chai.

"Mwangaluka, baba," alisalimia, akimwekea kikombe mezani.

"Mwangaluka, mwanangu." Mzee Bujiku alichungulia ndani ya kikombe kama mtu anayetafuta ndoo iliyozama kisimani. "Hii chai imefiwa? Mbona imenuna hivi? Haina sukari hata ya kusingizia."

"Ndivyo mama alivyosema, baba."

"Mama yako akisema nikalishwe majani kama mbuzi, wewe utanifunga kamba."

Violeth alicheka. Somanda nzima hapakuwa na fundi baiskeli mwenye mdomo kama wa baba yake. Kuna wateja waliompelekea baiskeli zisizo na ubovu wowote, ili tu wakae chini ya turubai lake wachekeshwe. Lakini mwaka juzi aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari, na tangu hapo vitu vitamu viliihama nyumba ile kimoja kimoja: kwanza soda, kisha maandazi, mwisho kopo la sukari lenyewe. Vilibaki mboga za majani, ugali wa kupimwa kwa jicho la mama, na vidonge viwili vyeupe kila siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Utani nao ukaanza kupungua. Siku nyingine Mzee Bujiku alikaa akiitazama sahani ya mlenda mpaka ikapoa, halafu akasema taratibu, "Wenzangu wanakufa kwa ugonjwa. Mimi nitakufa kwa mlenda."

Hapo Violeth hakucheka. Maneno hayo alilala nayo.

Mwishoni mwa Mei mama yake, Nyanjige, aliondoka kwenda Zagayu kumsaidia bibi kuvuna pamba. Angekaa wiki tatu. Kabla ya kupanda pikipiki alimshika Violeth bega.

"Una miaka kumi na mitatu, si mtoto wa kubebwa. Baba yako ameze vidonge vyake. Kile kidonda cha kidole cha mguu, kile alichochomwa na waya wa tairi, ukioshe kila jioni. Na usikubali maneno yake matamu, mimi nayajua. Ukiona jambo limekushinda, nipigie."

"Sawa, mama."

Siku ya nne, wakati wa mapumziko shuleni, Violeth alimsimulia rafiki yake Harieth jinsi baba yake alivyokonda kwa kukosa hamu ya kula.

"Kwani ninyi hamjui ndimu?" Harieth alishangaa. "Bibi yangu alikuwa na sukari. Akawa anakamua ndimu kila siku, sukari ikakatika. Ndimu inakata kila kitu, mafuta, kitambi, sukari."

"Mbona daktari hakutuambia?"

"Akikwambia, zile dawa zake atampa nani?"

Kwa watoto wa darasa la saba hiyo ilikuwa hoja nzito, na hata watu wazima wengi imewaangusha. Violeth alirudi nyumbani akiitafuna. Jirani yao, Mama Mwatima, afisa kilimo aliyehamia kutoka Tanga, alikuwa na keki yake maarufu ya soda ya ndimu, na Violeth alikuwa amemsaidia kuipika mara nyingi. Sasa, kama ndimu inakata sukari, basi keki yenye soda ya ndimu, maganda ya ndimu na maji ya ndimu juu yake si itajikatia sukari yake yenyewe? Hesabu ilikaa vizuri kichwani. Ilikuwa na kosa moja tu, nalo lilianzia mwanzo likaishia mwisho.

Jumamosi alikwenda kuazima sufuria la keki, lile la duara lenye bomba katikati.

"Wampikia nani, mwanangu?" Mama Mwatima aliuliza.

"Tuna wageni, mama."

Uongo ule ulitoka laini, hata mwenyewe akashangaa.

Alipika kama alivyofundishwa. Alikoroga siagi na sukari kwa mwiko mpaka ikawa nyeupe, akavunja mayai moja moja, akakwangua maganda ya ndimu hadi vidole vikamwasha. Akachekecha unga. Mwisho akamimina soda, ikatoa povu na kuchemka kama inayonong'ona. Alipaka sufuria mafuta, akalitega juu ya jiko la mkaa, akafunika, na juu ya mfuniko akapanga makaa mengine. Baada ya muda nyumba nzima ilinukia. Alipoigeuza juu ya sinia, keki ilitoka ya rangi ya kahawia, imejigawa kwa mifereji, na katikati ina tundu la kutosha kuingiza ngumi. Akainyunyizia maji ya ndimu yaliyokorogwa na sukari.

Mzee Bujiku alisimama mlangoni. Alivuta harufu ile kwa pua zote mbili.

"Mama yako anajua?"

"Ni ya ndimu, baba. Ndimu inakata sukari. Bibi yake Harieth alipona."

Baba yake alimtazama, akaitazama keki. Mtu mwenye njaa ya miaka miwili hamhoji sana shahidi. Alivuta kiti.

"Kama ni ya ndimu," alisema, "basi hii si keki, ni dawa. Nikatie dozi."

Alikula vipande vitatu. Alipomaliza alilamba vidole, akasimulia habari ya mteja mmoja wa Kasoli aliyeendesha baiskeli siku nzima bila kujua kwamba kiti hakipo. Violeth alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baba yake alikuwa amerudi.

"Hii ni siri ya watu wawili," Mzee Bujiku alisema. "Mama yako tusimsumbue, yuko na pamba."

Keki ya kwanza iliisha Jumanne. Jumatano Violeth alipika ya pili. Jioni hiyo alimletea baba yake kidonge na maji, yeye akausukuma mkono wake polepole.

"Dawa mbili kwa mara moja zitapigana humo ndani. Tuiache ndimu ifanye kazi yake. Hata zile siku zilizopita sikuvimeza. Unaona nilivyo na nguvu?"

"Na kidonda, baba?"

"Nitaosha mwenyewe. Mimi si mtoto."

Tangu siku hiyo alishinda na soksi. Violeth aliona, akanyamaza. Aliona pia kwamba mtungi wa maji uliokuwa ukitosha siku mbili sasa ulikauka kabla ya jioni. Aliona baba akienda chooni kila mara, na sisimizi wamejipanga mstari mnene mahali alipokojoa. Aliwahi kusikia kwamba sisimizi hao hufuata sukari iliyo kwenye mkojo. Alichukua jivu akawafukia, kana kwamba kosa lilikuwa la sisimizi. Mama alipopiga simu kuuliza hali, Violeth alijibu, "Tuko salama, mama," na simu ikabaki mkononi mwake muda mrefu baada ya kukatika.

Jumatatu alirudi kutoka shule akakuta bajaji imesimama uwanjani. Ndani, baba yake alikuwa amelala kwenye mkeka, akihema kwa nguvu kama mtu aliyekimbizwa, midomo imekauka na kupasuka. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Chini ya hiyo kulikuwa na harufu nyingine, ya kuoza, iliyotoka kwenye soksi.

"Baba, nimerudi." Akajaribu tena. "Baba, nikuletee mlenda?"

Mzee Bujiku hakujibu. Macho yalimpita kama dirisha.

Shangazi yake, Sengi Nyamizi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa akifunga nguo za mgonjwa kwenye kitenge. Alifika kutoka Kasoli baada ya kumpigia simu mdogo wake na kusikia sauti inayoburuta.

"Shika miguu, kijana," alimwamuru Kasmiri, mwenye bajaji. "Tunakwenda kwa nfumu."

"Kwa mganga, sengi? Hospitali iko hapo karibu!" Violeth alisema.

"Hospitali ya nini? Hao wa hospitali walimpa vidonge, si anameza? Walimkataza sukari, si ameacha? Mwenyewe aliniambia wiki iliyopita kwenye simu kwamba anafuata kila sharti. Mtu anafuata kila kitu, halafu anaanguka hivi? Hapa kuna mkono wa mtu. Nfumu atatuambia ni wa nani."

Violeth alihisi kitu kibaya sana moyoni: nafuu. Kama ni mkono wa mtu mwingine, basi si wake. Angenyamaza tu, bajaji ingeondoka, na hakuna ambaye angejua. Wangezunguka na baba huko, wakimchanja na kumfukiza, na hicho kifua kinachopanda na kushuka kingechoka. Alimtazama Kasmiri akiinama kushika miguu ile.

"Ni mkono wangu, sengi."

"Unasemaje?"

"Nilimpikia keki. Mbili. Nilidhani ndimu inakata sukari. Vidonge hamezi, siku tisa sasa hamezi." Alikimbilia kabatini, akarudi na bahasha ya dawa, akaimwaga kwenye mkeka. Vidonge vilitawanyika hadi miguuni kwa shangazi yake. "Hakuna aliyemroga. Ni mimi. Mpeleke hospitali, sengi, nakuomba."

Kofi lilimpata shavuni kabla hajamaliza. Hakulikwepa. Sengi Nyamizi alibaki amesimama, mkono ukiwa bado hewani, akivitazama vile vidonge.

"Mama," Kasmiri alisema kwa upole, "niendeshe wapi?"

"Hospitali," alijibu, na sauti yake ilikuwa imezeeka. "Kimbiza."

Hospitalini, Daktari Rogasian alimchoma mgonjwa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Kipimo hakikutoa namba, kilionyesha tu kwamba sukari imepita pale kinapoweza kusoma.

"Ameacha dawa siku ngapi?" aliuliza.

Sengi alimgeukia Violeth. "Mwambie yote. Usibakize."

Violeth akasema yote: keki, soda, vidonge, mtungi wa maji, hata sisimizi na jivu. Daktari aliandika huku wauguzi wakitundika dripu na kuchoma sindano. Kisha akaikata soksi kwa mkasi. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vyeusi kama mkaa.

Siku ya tatu, Mzee Bujiku alipozinduka vizuri, vidole hivyo havikuwepo tena. Mama Nyanjige alifika siku hiyohiyo, nyuzi za pamba zikiwa bado zimenasa kwenye kitenge chake. Alikuta wote watatu wodini: mume wake kitandani, Violeth kwenye kiti, Sengi Nyamizi dirishani.

"Nani alipika?" aliuliza.

"Mimi, mama. Na kwenye simu nilikudanganya."

"Nani alikula?"

"Mimi," Mzee Bujiku alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Usimlaumu yeye peke yake. Yeye alidanganywa na mtoto mwenzake. Mimi nilidanganywa na ulimi wangu, na nina miaka hamsini na mbili. Nilijua, Nyanjige. Kipande cha kwanza tu nilijua."

Sengi Nyamizi alikohoa.

"Na mimi nilitaka kumpeleka kwa nfumu," alisema. "Aliyenizuia ni huyu. Nikampiga."

Mama Nyanjige hakupiga wala hakukumbatia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akafunika uso kwa mikono miwili.

Daktari Rogasian, aliyekuwa ameingia na faili lake, alivuta kiti akakaa mbele ya Violeth.

"Nisikilize, binti. Ndimu haikati sukari. Ni kali, kwa hiyo ulimi hausikii sukari iliyomo, lakini damu inaipokea yote. Chupa moja ya soda hiyo ya nusu lita ina zaidi ya vijiko kumi vya sukari, na wewe ukaongeza mingine. Dawa ya mgonjwa haiachwi kwa neno la kusikia shuleni wala sokoni. Aulizwe aliyeitoa. Ulimpenda baba yako, sina shaka, ila ulimpa alichokitaka badala ya alichokihitaji. Na mlipoona inabidi mama asijue, hapo hapo mngesimama. Kitu kizuri kwa mgonjwa hakina haja ya kufichwa kwa anayemuuguza."

Violeth aliinamisha kichwa.

"Ila kuna jambo jingine," daktari aliendelea. "Ukweli wako ulichelewa siku tisa, na siku hizo zimekula vidole viwili. Ungechelewa siku moja zaidi, tusingekuwa tunazungumza na baba yako. Nataka uyakumbuke yote mawili."

Muuguzi aliingia akisukuma kitoroli chenye beseni, maji ya dawa na bandeji.

"Nasafisha kidonda," alisema. "Wasioweza kutazama watoke nje. Nahitaji mmoja wa kujifunza, maana nyumbani ndiye atakayeosha."

Sengi Nyamizi akatoka. Mama Nyanjige akainuka, akamtazama binti yake.

Violeth alikunja mikono ya sweta lake la shule, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, akashika beseni. Bandeji ilipoanza kufunguliwa, hakufumba macho.