Bonge Hageuki

Saa mbili asubuhi, kioo cha dirisha kilianza kutetemeka. Ng'ambo ya ukuta wa mbele, kwenye jengo jipya, mafundi walikuwa wamewasha mashine ya kuvunjia zege. Jengo hilo lilianza kujengwa kabla Bonge hajazaliwa. Sasa Bonge anakaa bila kuegemezwa, na jengo bado halina paa.

Baba yake alikuwa kinyozi. Kibandani kwake, mashine za kunyolea zikizidi kelele, huongeza redio. Nyumbani pia akaongeza redio.

"Sasa tunasikia muziki!" alipaza sauti.

"Unasemaje?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Nasema tunasikia!"

"Mimi sisikii!"

Wakacheka. Kisha kinyozi akapiga magoti nyuma ya mtoto.

"Bonge! Bonge wa baba!"

Bonge aliendelea kutafuna kijiko chake cha mbao. Hakugeuka. Jana pia hakugeuka. Kinyozi akaacha kucheka.

"Mama Bonge, huyu mtoto hasikii."

Jirani wa ghorofa ya juu, muuguzi wa kliniki ya watoto, aliitwa. Alimkuta mama anasokota pamba ili amzibe mtoto masikio.

"Weka pamba chini, mdogo wangu. Haizuii kelele kama hii, na kipande kinaweza kubaki sikioni."

Akazima redio.

"Na wewe, shemeji, kelele haifutwi kwa kelele. Ukilazimika kumpigia ukelele mtu aliye karibu nawe, jua masikio yako yamo hatarini."

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua. Lakini mtoto hujifunza kusema kwa kusikia sauti zenu. Humu ndani atazisikia wapi?"

"Kwa hiyo si kiziwi?"

"Sijui. Kwa kumtazama tu hatuwezi kujua. Kesho mleteni apimwe."

Siku hiyo hiyo walihamisha kitanda cha Bonge. Walikipeleka chumba cha nyuma, mbali na ujenzi, walikokuwa wakiweka ndoo na masanduku. Dirisha la mbele likafungwa, likawa linafunguliwa mashine ikinyamaza.

Kinyozi alikwenda kwa msimamizi wa ujenzi. Kichwa chake alikifahamu vizuri, maana ndiye anayekinyoa.

"Bosi, mashine hii huzimwa saa ngapi?"

"Saa sita, tukienda kula. Kuna nini?"

"Nina mtoto mchanga pale."

"Mbona hukusema? Nitaisogeza upande wa barabara."

Kesho yake masikio ya Bonge yalipimwa kliniki. Yalikuwa mazima.

"Umeridhika sasa?" mkewe alimuuliza kinyozi njiani.

"Nitaridhika nikiona mwenyewe."

Saa sita mashine ilizimwa. Redio ilikuwa kimya. Katika chumba cha nyuma, kinyozi alipiga magoti mahali ambapo mtoto hakuweza kumwona. Mkewe alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Bonge," kinyozi aliita kwa sauti ya chini.

Kijiko kilianguka. Bonge akageuka.