Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Kila asubuhi ya shule, boti ya Semisi huwachukua watoto wa kisiwa chetu na kuwapeleka shuleni mjini Neiafu. Kisha Semisi huenda kuvua. Mwanangu Finau hupenda kukaa nyuma kabisa, juu ya sanduku la betri, karibu na tangi la petroli. Pale harushiwi maji.

Semisi ni jirani mwema, lakini ana ugonjwa mmoja. Hapendi kufungua kitu aone ndani kuna nini. Redio ya boti ikinyamaza, huipiga kofi. Ikizinduka, husema imepona.

Jumamosi moja redio ilinyamaza moja kwa moja. Pampu ya kutoa maji nayo iligoma. Zote mbili zilipata umeme kwa waya mmoja na fyuzi moja. Semisi aliona mahali waya ulipochubuka, pale unapopita kwenye tundu la ubao. Akasokota nyuzi zake kwa vidole, akazungushia tepu. Akaweka fyuzi mpya, ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika.

Mimi na mkewe Lupe tulikuwa gatini, tukiosha majani ya talo, yale magimbi yetu, kwa chakula cha Jumapili.

"Baba Lose, hiyo fyuzi inakwambia kitu," Lupe alimwambia mumewe.

"Inaniambia kwamba ni mbovu," Semisi akajibu. "Jua linazama, mama. Kesho Jumapili, kazi ni mwiko, nani hapa atashika koleo? Na keshokutwa watoto wana shule."

Akatoa pakiti yake ya sigara. Akachana ile karatasi ya ndani inayong'aa, akaizungushia fyuzi iliyokatika. Redio ikaanza kuongea.

"Mmeona? Fundi ni mimi!"

"Fundi wa makofi," nikamtania.

Tulicheka sote. 

Usiku mvua ilinyesha sana. Asubuhi tukaenda kanisani, wanaume wamejifunga viunoni mikeka ya heshima, kama ilivyo desturi yetu. Semisi alivaa mkeka wa marehemu babu yake, kwa sababu shangazi yake, Vika, alikuwa amekuja kutoka Neiafu. Kwetu shangazi ni mkubwa kuliko baba. Akisema kaa, unakaa. Na huyu Vika ni fundi umeme wa boti, tena ana mdomo.

Katikati ya wimbo Finau alinivuta nguo.

"Mama, boti ya Baba Lose inatoa moshi."

Nikamfinya anyamaze. Kisha nami nikatazama dirishani.

Moshi mweusi ulikuwa unatoka nyuma kabisa, pale pale anapokaa mwanangu. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Wimbo ukakatika. Semisi aliruka benchi, akakimbia hadi gatini na mkeka wake wa heshima.

"Toa waya wa betri kwanza!" Shangazi Vika alipaza sauti nyuma yake. "Usipoutoa, moto utarudi!"

Semisi aliung'oa waya kwa mkono mtupu, akaungua vidole. Kisha akavua mkeka wa babu yake, akauchovya baharini, akafunika moto.  Mwishowe moshi ukapungua, ukaisha.

Mfuniko wa sanduku ulikuwa umeyeyuka. Tangi la petroli lilikuwa limebabuka upande mmoja.

Lupe alikaa chini na nguo yake nyeupe. "Kesho," alisema. "Kesho watoto wangekuwa humu."

 Nilimshika Finau mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

"Siku nyingine ukiona moto na petroli, kimbia!" Shangazi Vika alimkemea Semisi. "Boti inanunuliwa. Wewe hununuliwi."

"Lakini Shangazi, nilizima kila kitu! Hakuna aliyeigusa!"

"Pampu haisubiri mtu aiguse. Mvua ilijaza maji, boya lake likapanda, ikajiwasha yenyewe. Waya ulikuwa umechubuka, umeme ukapita pasipotakiwa, waya ukawa moto. Hapo fyuzi ilipaswa kukatika. Mbona haikukatika?"

Akachokonoa majivu kwa kijiti. Akainua kipande cha karatasi inayong'aa.

"Nani aliweka hii?"

Semisi akainamisha kichwa. "Mimi, Shangazi."

"Fyuzi hufa ili waya usiungue. Wewe umeikataza isife. Basi alikuwa anatafutwa mwingine wa kufa."

Shangazi Vika akakitia kile kipande mfukoni.

"Boti hii haitoki mpaka niipitie waya kwa waya," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

Jumatatu watoto hawakwenda shule. Shangazi Vika aliondoa betri na tangi, akaacha boti wazi mpaka harufu ya petroli ikaisha. Kisha akakata waya mahali ambapo hapakuungua. Kwa nje ulionekana mzima. Kwa ndani shaba ilikuwa unga wa kijani.

"Kumbe!" Semisi alishtuka. "Miaka yote hii?"

"Maji ya chumvi huingia penye jeraha, yakatambaa ndani. Tepu haiyazuii. Waya kama huu hauungwi, unatupwa."

Akaweka waya mpya wa boti, ambao shaba yake imepakwa bati isiliwe na chumvi. Maungio aliyabana kwa koleo lake maalumu, kisha akayavuta kwa nguvu.

"Vuta na wewe ungio hili, Semisi. Likichomoka leo, afadhali kuliko baharini."

Halikuchomoka. Akalivisha kila ungio mpira wenye gundi ndani, akaupasha joto ukabana. Maungio yote akayaweka juu, mbali na maji. Kwenye tundu la ubao akaweka pete ya mpira, waya usisuguliwe tena. Redio ikapata fyuzi yake na pampu ikapata yake, zote karibu na betri, kila moja ya kipimo chake. Betri yenyewe akaihamishia mbele, mbali na petroli, na badala ya tangi lililobabuka akaweka jipya.

Wiki zikapita. Asubuhi moja watoto walikuwa wameshapanda, redio ikanyamaza. Semisi aliinua mkono. Nikasubiri kofi. Badala yake alifungua kisanduku cha fyuzi.

"Imekatika!" alisema, na alikuwa anatabasamu. "Watoto, shukeni wote!"

Akatoa waya wa betri, akaufuata waya wa redio kwa vidole, polepole. Akakuta ndoana imeuchoma. Watoto walipiga kelele za kuchelewa, yeye hakuwasikia. Alibadilisha waya wote ule, akavuta kila ungio, ndipo akaweka fyuzi mpya. Haikukatika.

Watoto wakapanda tena. Finau alisimama gatini, ananitazama. Tangu siku ya moto nilikuwa nimemkataza kukaa nyuma.

"Nenda kakae kwako," nikamwambia.