Mikwaruzo Mgongoni mwa Kipusa

Jua lilikuwa linazama Fundi alipoiacha cherehani yake, akakung'uta nyuzi mapajani na kuchukua chupa tupu ya dawa kutoka dirishani.

"Wifi, niangalizie Kipusa. Nafika duka la dawa mara moja."

"Akilia je?"

"Mbebe. Ila usimkune, tafadhali. Mpapase kwa kiganja tu."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa dada wa mume wa Fundi, naye alikuwa amekuja kumsaidia kulea wakati kaka yake yuko safarini na lori. Wote wawili walikuwa na macho mekundu. Katika nyumba ile usingizi ulikuwa umeadimika.

Kipusa alikuwa bado mchanga, hata kukaa hajui. Vipele vilianza shingoni, kwenye mikunjo, vikashuka kwapani na mapajani. Zahanati walisema ni joto na ngozi laini, wasiwe na hofu. Fundi akafuata kila aliloambiwa. Alibadilisha sabuni, akaacha mafuta yenye manukato. Akamwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu na kumkausha kwa kumgusagusa, si kwa kumsugua. Akamshonea vishati vya pamba, mishono kwa nje ili isimkwaruze. Ufundi wote wa mikono yake aliumalizia kwa mwanawe.

Vipele vikapungua. Mikwaruzo ikaanza.

Muuza dawa alimwona akiingia, akatabasamu. "Imekwisha tena?"

"Chupa imekwisha. Kuwashwa ndiko hakujaisha."

"Kucha unamkata?"

"Mpaka naogopa kumtoa damu."

"Na soksi mikononi?"

"Usiku na mchana. Ukimwona utadhani bondia."

Muuza dawa akacheka, akashusha chupa ya ile dawa ya rangi ya waridi. "Sasa anajikwaruzaje?"

Fundi aligeuka, akajaribu kuonyesha kwenye mgongo wake mwenyewe. Mkono haukufika. "Hapa katikati ya mabega. Mistari imelala sambamba, kutoka juu kwenda chini. Kila nikimaliza kushona jioni naikuta mipya."

Kicheko kikakatika.

"Mtoto wa umri ule hafiki huko," alisema muuza dawa polepole.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Wote wawili wakatazama kucha za Fundi pale juu ya meza. Fupi. Butu. Kucha za mtu anayeshinda na sindano.

Mlango ukasukumwa. Wifi aliingia akihema, kanga imemteleza begani.

"Haya, nimekuja. Kuna nini?"

Fundi alimtazama mikono. Mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si nimemwachia yule bibi? Kasema umemtuma, kwamba unaniita huku haraka..."

"Bibi gani?"

Wifi akaigeukia njia aliyotoka.

Fundi hakukumbuka alivyotoka pale dukani. Alijikuta anakimbia, ndala moja mguuni, nyingine ameiacha njiani, Wifi nyuma yake akilia, "Alijua jina la mtoto! Wifi yangu, alilijua jina lake!"

Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani kulikuwa kimya. Kisha pua yake ikanasa harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi, zikakaa sandukuni siku nyingi. Na nyuma ya pazia la chumbani, sauti...

Krr... krr... krr...

Kama kucha juu ya kitambaa.

Halafu Kipusa akacheka.

Fundi akavuta pazia. Mwanamke mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amewapa mgongo. Mtoto alilazwa kifudifudi mapajani mwake. Kishati kilikuwa kimevuliwa na kukunjwa vizuri juu ya mto. Vidole virefu vilikuwa vinapanda na kushuka taratibu, bila haraka, kama vya mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Shikamoo," Wifi alijikuta amesema.

Vidole vikaendelea kupanda na kushuka.

"Bibi," Fundi alinong'ona, "nipe mwanangu."

"Ndiyo kwanza anatulia."

"Nipe."

"Wewe ukishona, husikii kitu." Sauti ilikuwa ya chini, haina hasira. "Analia, anawashwa, anajinyonganyonga. Ananiita. Nami nakuja."

Krr... krr...

"Mwanangu naye, waliniambia nisimkune. Nikawatii. Akawashwa usiku kucha, akanyoosha mikono kwangu... nikakaa namtazama tu."

Fundi alijitupa, akamshika mtoto ubavuni na kuvuta. Mtoto hakutoka. Vidole vya yule mwanamke, baridi kama bomba la maji alfajiri, vilibana, na kucha zikaanza kuzama. Kipusa akapiga ukelele. Tone la damu likachomoza.

Akivuta zaidi, atamrarua.

Akaacha kuvuta. Akapiga magoti pale chini na kuweka kiganja chake wazi katikati ya mgongo mdogo, kando ya zile kucha. Akaanza kupapasa.

"Nipo, mama. Mama yako nipo. Nakusikia."

Akapapasa. Juu, chini. Kilio kikageuka kwikwi. Zile kucha zikapunguza mwendo.

Krr...

Zikanyamaza.

Fundi alipoinua uso, mtoto alikuwa juu ya shuka. Ukingoni mwa kitanda godoro lilikuwa bado limebonyea, nalo likainuka polepole, kama mtu ndiyo kwanza anasimama.

"Kapita wapi?" Wifi alinong'ona. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Dirisha lina nondo.

Asubuhi yake Fundi alimfuata mwenye nyumba, akamkuta anafagia. "Chumba chetu alikaa nani kabla yetu?"

Ufagio ukasimama. "Wengi."

"Mwenye mtoto mchanga."

Mwenye nyumba alitazama chini. "Mtoto wake alikuwa na vipele tu," alisema. "Vipele tu." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mumewe aliporudi na lori, walihama na vyombo vyao vyote. Huko walikohamia kulikuwa na hewa, na ngozi ya Kipusa ikarudi laini. Pengine ni ile dawa. Pengine ni kwamba Fundi alianza kushona huku mtoto akiwa mgongoni, na kila mtoto akiguna, mashine ilisimama.

Kipusa alikuwa ameanza kutambaa siku mama mmoja kijana alipokuja kushonewa gauni, kachanga kake kamelala begani.

"Mimi ndiye niliyeingia kwenye chumba chenu cha zamani," alisema kwa furaha. "Ila nyinyi! Mlikuwa na bibi mzuri vile, mkamwacha?"

Futi ya kupimia ikasimama kiunoni mwake.

"Huyu alikuwa analia kutwa kwa harara," mama kijana aliendelea. "Sasa jioni naenda zangu sokoni, nikirudi namkuta katulia tuli. Hata hataki tena nimshike mimi."

Fundi aliitupa futi mezani.

"Mvue shati," alisema. "Mgeuze nimwone mgongo."