Namba Mbili Kwenye Kopo la Vanishi

Jamani, kama hukuwahi kunywa kahawa ya Jumapili nyumbani kwa Karna na mumewe Ejvind, pale mjini kwetu Horsens, kuna raha uliikosa. Mikate midogo ya moto ilikuwa mezani tangu saa mbili asubuhi, siagi imeanza kulainika, na harufu ya kahawa imeshuka ngazi mpaka kwa majirani wa chini. Ejvind alikuwa fundi rangi kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa na mchezo wake na bintiye Lisbet: mtu akipita barabarani na koti lake, Ejvind anataja rangi zinazochanganywa kulipata koti lile, kidogo cha hiki na tone la kile, na Lisbet anabisha kwa kucheka. Karna alikuwa akiwatazama na kujiambia kwamba hana cha kuomba zaidi.

Mambo yaliharibika polepole, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema. Ejvind alianza kuuliza jambo moja mara tatu kabla kahawa haijapoa. Akawa mkali kwa vitu vya kipuuzi, kijiko kikidondoka anafoka. Siku za kazi alirudi akiyumba ngazini, anacheka peke yake, halafu anaanguka kwenye kochi na kulala na viatu. Sasa, fundi rangi anayeyumba ngazini, ninyi mtasema ana nini? Mtaa mzima ulisema amepiga maji. Mafundi wa kwetu wana jina hilo tangu enzi za babu zao, bia ya saa tatu, bia ya mchana, na bia ya kufungia kazi. Mtaa ulicheka, na mimi ninayewasimulia nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Karna naye aliamini hivyo, na hilo ndilo lililomuuma baadaye.

Aibu kubwa iliwafika mwezi wa Aprili mwaka 1983, siku ya kipaimara cha Lisbet. Wageni thelathini walikaa mezani, bendera ndogo zimesimamishwa katikati ya sahani, karatasi za nyimbo zilizotungwa na mashangazi zimegawiwa. Ukafika wakati wa baba kuhutubia. Ejvind alisimama, akagonga glasi yake kwa kisu, akatabasamu.

"Lisbet wangu," alisema. "Siku uliyozaliwa..."

Akanyamaza. Alitazama dari, akatazama mikono yake. Alianza tena, "Siku uliyozaliwa," na maneno yakagoma kabisa. Akaanza kulia mbele ya watu, mtu mzima yule, kisha akakaa.

"Si angengoja tule kwanza ndipo anywe," mjomba mmoja alinong'ona kwa sauti iliyosikika meza nzima.

Lisbet alitoka nje na gauni lake jeupe. Tangu siku ile alikula kimya, na mchezo wa makoti ukafa. Usiombe kuona mtoto anampisha baba yake mlangoni kana kwamba anampisha mgeni.

Karna alikwenda kwa daktari wa mtaa akaeleza. Daktari hakuuliza mengi. Alimwandikia Ejvind vidonge vya kukomesha pombe, vile ambavyo nchini mwetu waume wengi wamemezeshwa mbele ya wake zao. Ukimeza kidonge hicho kisha ukagusa bia, hata nusu chupa, uso unakuiva kama kiazi chekundu, moyo unakwenda mbio, na unatapika mpaka ujute kuzaliwa.

"Mimi nakunywa bia mbili mchana, Karna. Mbili tu, kama kila mtu," Ejvind alisema.

"Basi hutapungukiwa na kitu ukiziacha. Meza."

Akameza. Kila asubuhi alimeza, akafungua mdomo kuonyesha kama mtoto, kisha akachukua kofia yake nyeupe na kwenda kazini. Kazini aliziacha zile bia mbili, akawa anakunywa maziwa, kwa kuwa mafundi wengi waliamini maziwa yanasafisha kifua. Na jioni alirudi akiyumba vilevile.

Karna alijua anadanganywa. Alisema moyoni, huyu anakificha kidonge shavuni na kukitema barabarani. Akaanza kukisaga kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga ndani ya maji, akasimama mbele ya mumewe hadi glasi ibaki kavu. Ejvind alikunywa bila ubishi, macho yamemtoka kwa huzuni. Jioni, kuyumba. Mwezi wa Julai Karna alimpigia simu dada yake Ragna aliyeishi mji wa Odense.

"Dada, nimefika mwisho. Namchukua Lisbet tunakuja kwako Jumamosi."

"Njooni. Shemeji anakunywa bado?"

"Anakunywa, ila sijui anakunywaje. Kidonge anameza, namwona kwa macho yangu."

"Anatapika?"

"Hatapiki."

"Uso je, unamwiva?"

"Hauivi. Mweupe kama ukuta."

"Karna," Ragna alisema, "mimi mume wangu wa kwanza nilimpa kidonge hicho hicho. Siku aliyojaribu bia moja tulidhani anakufa. Huyo wako kama anakunywa na hatapiki, basi anakunywa kitu ambacho si pombe."

Maneno yale yalimkaa Karna kichwani usiku na mchana. Siku ya Jumatano Ejvind alisahau chakula chake mezani, mkate mweusi wenye ini la kusaga, umefungwa vizuri kwenye karatasi. Karna alipanda baiskeli ampelekee. Alisema kwamba anapeleka chakula, lakini ukweli alikuwa anakwenda kupeleleza.

Ejvind na mwenzake Verner walikuwa wanapaka vanishi sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule moja, maana shule zilikuwa zimefungwa. Kulikuwa na jua kali na wadudu wengi hewani, na ukumbi mzima ulikuwa umefungwa kama kaburi. Madirisha yamezibwa kwa utepe, chini ya mlango kumesukumiwa matambara yaliyoloweshwa. Karna aligonga. Mlango ulifunguliwa kwa upana wa kiganja.

"Ingia haraka, shemeji, funga!" alisema Verner. "Mbu mmoja akitua hapa tunapiga msasa upya!"

"Mbona mmejifungia hivi?"

"Vumbi, shemeji. Fundi akiacha punje moja ya vumbi kwenye vanishi, wenzake watamcheka mpaka astaafu."

Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yao, wasomaji wangu. Sakafu isiyo na doa iliheshimiwa kuliko mapafu ya aliyeipaka. Walifundishwa hivyo na mabwana zao, nao mabwana zao walifundishwa hivyo.

Ejvind alikuwa amepiga magoti kule mwisho, brashi pana mkononi, anaimba wimbo usio na kichwa wala miguu. Karna alikaa juu ya ngazi ya mbao kumngojea amalize upande mmoja. Harufu ilikuwa tamu na kali, ikimwingia mpaka nyuma ya macho. Baada ya dakika kumi midomo yake ilianza kufa ganzi. Verner akasema jambo kuhusu kofia ya Karna, jambo lisilochekesha hata kidogo, na Karna akacheka mpaka akashika tumbo. Alipotoka nje alishika baiskeli, akainua mguu, akakosa kiti. Akajaribu tena, akakosa. Akakaa chini kwenye majani na kofia imepinda.

"Nimelewa," alijisemea. Na asubuhi ile alikuwa amekunywa kahawa na maziwa tu.

Hapo ndipo moyo ulipompasuka. Aliona ile glasi ya maji yenye unga wa kidonge, aliona macho ya Ejvind akiinywa. Miezi mitatu alikuwa anamhukumu mtu ambaye alikuwa analewa kwa kupumua. Alilia pale kwenye majani bila kujali nani anapita.

Alipotulia aliona makopo matupu yamepangwa kando ya ukuta. Kila kopo lilikuwa na namba mbili zenye kistari katikati: 4-3. Akamwita Verner mlangoni.

"Hii namba ni ya nini?"

"Hiyo? Ya mng'ao," Verner alisema kwa uhakika wa mtu wa kazi. "Imeanza kuandikwa juzijuzi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo sakafu inavyong'aa. Sisi hatuchukui chini ya nne, shemeji. Sisi si wababaishaji!"

Karna alichukua kopo moja, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaikokota baiskeli hadi nyumbani. Kesho yake alipiga simu ofisi ya chama cha mafundi rangi. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya taratibu.

"Mng'ao?" mwanamke yule alishangaa. "Mama, hiyo ni namba ya hatari. Tarakimu ya kwanza ni ya hewa: mvuke wa kopo hilo unahitaji hewa safi kiasi gani ili mtu asidhurike. Inaanzia sifuri mbili, inapanda hadi tano. Ya pili ni ya ngozi, macho na tumbo, kama rangi ikikugusa au ukiimeza. Ukizisoma pamoja na kazi yenyewe, unajua uvae nini. Mumeo anapaka nne-tatu, ndani, sakafu kubwa. Anavaa nini?"

"Kofia," alijibu Karna.

"Kofia na nini?"

"Kofia tu."

Mwanamke yule hakucheka. Alimpa jina la kliniki ya magonjwa ya kazini na kumwambia asingoje.

Kumpeleka Ejvind haikuwa rahisi. Alisimama jikoni amekunja mikono.

"Baba yangu alipaka vanishi miaka arobaini, na hakuna aliyempeleka kwa daktari."

"Na baba yako alikufa akimwita mama yako kwa jina la paka," alisema Karna. "Umesahau, Ejvind? Au tulisema ni uzee? Alikuwa na miaka hamsini na nane."

Ejvind alikaa. Lisbet, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote, alikuja akavuta kiti karibu na baba yake. Lilikuwa jambo dogo, lakini tangu Aprili hakuwa amelifanya.

Kliniki walimpa maneno kumi ayakumbuke, akakumbuka matatu. Walimwonyesha vipande vya rangi, akavitaja vyote na mchanganyiko wake, daktari akabaki mdomo wazi. Halafu daktari akawaambia ukweli bila kuuzungusha: miaka ya kuvuta mvuke wa viyeyusho vilivyomo ndani ya rangi na vanishi, na kunawa mikono kwa tapentaini kila jioni, ilikuwa imeumiza ubongo wake. Yaliyokwisha kuharibika hayatarudi yote. Lakini akiacha kuvuta mvuke ule leo, ugonjwa utasimama, na hasira na kuyumba vitapungua.

Barabarani Karna alimshika mkono.

"Nilikuonea, mume wangu. Nilikunywesha dawa ya ulevi usio wako."

"Hata mimi nilishaanza kuamini nakunywa na kusahau," alisema Ejvind. Ndipo wote wawili wakacheka, wakalia, watu wakiwapita.

Ile safari ya Odense haikufanyika. Ejvind aliacha vanishi, akapewa kazi za rangi za maji, zile zinazoanza na sifuri mbili, dirisha likiwa wazi. Kwa kuwa alikuwa hawezi tena kukumbuka namba, alizipaka. Kila alipofika kazini alisimamisha ubao mlangoni, akaandika kwa brashi, tarakimu ndefu kama mkono: namba ya kila kopo la siku hiyo, lake na la wenzake, na chini yake kinachopasa kuvaliwa, glavu, miwani, au barakoa yenye bomba la hewa safi. Mafundi wengine walimkejeli kwanza. "Profesa wa makopo amefika!" Aliyenyamaza ni Verner, kwa sababu ile habari ya mng'ao ilikuwa imemfikia. Majira ya baridi hayajaisha, Verner naye akaanza kuuliza ubao uko wapi ikiwa hakuuona. Sehemu tatu za ujenzi pale mjini zikawa na ubao kama ule, na mafundi wakamchagua Ejvind kuwa mwakilishi wao wa usalama.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili uliofuata, mikate ikiwa mezani, Ejvind aligonga kikombe chake kwa kisu. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Lisbet wangu," alisoma. "Siku uliyozaliwa kulikuwa na theluji, na nilikuja hospitali na rangi ya bluu kwenye nyusi. Muuguzi hakutaka kunipa mtoto. Nilimwambia, nipe, huyu ndiye rangi pekee ambayo sitaweza kuichanganya tena." Alisimama, akatafuta mstari kwa kidole, akaupata. "Mwaka jana nilikuwa nataka kusema haya. Yalikuwemo ndani. Njia ndiyo iliyopotea."

Lisbet aliinuka akamkumbatia, siagi ikaingia kwenye mkono wa sweta. Kisha, akiwa bado amemshikilia, alitazama dirishani.

"Baba, yule mama mwenye koti. Sema."

Ejvind alikunja macho. "Kijani, mweusi kidogo, na tone la manjano."

"Uongo! Matone mawili," alisema Lisbet.

FUNZO

Ndugu zangu mnaofanya kazi na rangi, vanishi, gundi na tina ya kuyeyushia rangi, na ninyi mnaowangoja nyumbani: someni namba na maonyo ya kopo kabla hamjaling'oa kifuniko, na msipoelewa ulizeni, msikisie. Fungueni madirisha. Vaeni kilichoandikwa, si kile mlichozoea. Punje ya vumbi hupigwa msasa ikaondoka, lakini ubongo hauna msasa. Nanyi wenye mume, ndugu au jirani anayerudi kazini akiyumba, kabla ya kumcheka kama nilivyocheka mimi, nendeni kwanza mkavute hewa anayovuta yeye.