Vidonge Vitano vya Ziada

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kuchonga funguo, Mzee Funguo alitega kitendawili. Aliyeshindwa aliosha vikombe. Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Bi Sindano. Siku nyingine alishindwa makusudi, ili tu amwone mumewe akicheka.

Jumanne moja Mzee Funguo alikuwa ameinamia ufunguo, tupa ya kuchongea mkononi. Ghafla akahisi kama mtu mzito amemkalia kifuani. Jasho baridi likamtoka. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Majirani wakamwahisha hospitali. Daktari akasema ni shambulio la moyo. Mshipa mmoja unaolisha moyo damu ulikuwa umeziba. Waliuzibua, na baada ya siku kadhaa wakamruhusu kurudi nyumbani na dawa za aina nne.

Mzee alirudi. Vitendawili havikurudi.

Kuanzia hapo Bi Sindano hakuwa na raha. Kibanda kilikuwa mbele ya nyumba, na cherehani yake ilikuwa dirishani. Akishona, sikio lilikuwa kwenye tupa ya mumewe. Ikikwaruza, alishona. Ikinyamaza, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Mzee, upo?"

"Nipo. Nimekohoa tu. Ama nako kukohoa niombe ruhusa?"

Miezi miwili baadaye walikwenda kliniki. Muuguzi mmoja mrefu, mwenye sauti ya taratibu, akawakaribisha wakae.

"Tunafanya utafiti wa dawa mpya," alisema. "Ni ya watu waliopata shambulio la moyo. Bado hatujui kama inasaidia. Tunaomba wagonjwa wakubali kutusaidia kujua."

Bi Sindano akaukaza mkoba wake. "Yaani mume wangu awe panya wenu."

"Panya haulizwi, mama. Mzee anaulizwa. Akikataa, matibabu yake hayabadiliki. Akikubali na kesho akachoka, anaacha, na hakuna wa kumnunia."

Akaeleza kwamba nusu ya watu watapata dawa mpya. Nusu nyingine watapata kidonge kinachofanana nayo, lakini hakina dawa ndani. Kompyuta ndiyo inayochagua, kama bahati nasibu. Mgonjwa hajui amepata kipi. Hata daktari wake hajui.

"Sasa huo si udanganyifu?" Bi Sindano aliuliza.

"Anayedanganywa haambiwi, mama. Sisi tunasema mapema. Na zile dawa zake nne ataendelea kuzimeza kama kawaida. Kamati ya maadili inatuangalia, na damu yake tutaipima mara kwa mara."

Mzee Funguo alikuwa akisikiliza. Sasa akainua kidole. "Binti yangu, kila kufuli ina ufunguo wake. Hiyo siri yenu, ufunguo anao nani?"

Muuguzi akatabasamu. "Daktari wa utafiti, mzee. Ikitokea hatari, pigeni namba iliyo kwenye kadi hii, saa yoyote. Ataifungua siri."

Hawakutia saini siku hiyo. Walipewa fomu ya ridhaa wakaisome nyumbani. Wiki iliyofuata Mzee Funguo alirudi na maswali yake, akajibiwa, akapimwa, ndipo akasaini. Muuguzi akampa chupa.

"Vidonge ni thelathini na vitano. Mtarudi baada ya siku thelathini. Hivi vitano ni vya ziada, mkija mmechelewa. Vinavyobaki mje navyo. Na mtu mwingine asivimeze."

Bi Sindano aliitikia kwa kichwa. Lakini mawazo yake yalikuwa kwa dada yake.

Dada Mkubwa aliishi chumba cha nyuma, uani. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka miwili sasa. Miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa. Naye aliomba kuingia kwenye utafiti ule. Walimpima damu, wakamwambia figo zake ni dhaifu, hivyo dawa ile haimfai.

"Hata foleni ya kupona nimetolewa," alisema akicheka. Macho hayakucheka.

Wiki tatu zikapita. Mzee Funguo akasema anajisikia mwepesi kidogo. Hakujua kama ni kile kidonge, au ni kule kutembea jioni, au ni kuacha chumvi. Bi Sindano alijua, au alidhani anajua. Dawa hii ni nzuri, na dada yangu anaisha nikiona.

Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kula peke yake. Hata yai moja walilikata vipande. Basi asubuhi moja akafungua chupa, akatoa vidonge vitano, akavifunga kwenye kipande cha kitambaa. Akaenda uani.

"Dada, meza kimoja kila asubuhi. Usimwambie mtu."

"Hivi si vya shemeji?"

"Ni vya ziada. Yeye hapungukiwi."

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu Dada Mkubwa alisema miguu yake ni mizito kama magunia. Bi Sindano akajiambia ni joto.

Siku ya nne, mchana, alikuwa akishona sketi ya shule. Huko mbele tupa ilikuwa ikikwaruza vizuri. Kwaru, kwaru, kwaru. Akatulia. Ndipo ndoo ikaanguka uani.

Alimkuta Dada Mkubwa sakafuni, macho wazi, midomo imekauka. Alipomshika kifundo cha mkono, mapigo yalikuja mawili, yakakaa, likaja moja, yakakaa tena. Katika kile kimya Bi Sindano alihesabu hadi nne.

Alisikiliza mlango wa mbele miezi yote ile. Hatari ikaingia kwa mlango wa nyuma, na yeye ndiye aliyeifungulia.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mama huyu anatumia dawa gani?"

Mzee Funguo akazitaja zote za shemeji yake. Alizijua.

"Kuna nyingine? Za dukani, za miti shamba, za kupewa na mtu?"

Bi Sindano aliwaza. Akisema, watamfukuza mume wake kwenye utafiti. Akisema, mume wake atajua. Pengine wataita polisi. Akatazama kitandani. Miguu ya dada yake ilikuwa imetulia mno.

"Mimi," alisema. Daktari hakumsikia. Akarudia. "Nilimpa mimi. Vidonge vya utafiti vya mume wangu. Kameza vinne."

Mzee Funguo akageuka, akamtazama. Kimya chake kilikuwa kama kile cha tupa, kile mkewe alichokiogopa kila siku.

Bi Sindano akatoa ile kadi ya utafiti kwenye mkoba. Akamkabidhi daktari. Daktari akapiga namba. Dakika chache baadaye siri ikafunguliwa. Vidonge vile vilikuwa na dawa.

"Asante kwa kusema," daktari alisema, huku akifanya kazi. "Dawa hii inazuia mwili kutoa madini yaitwayo potasiamu. Mwenye figo nzima tunampima tu. Mwenye figo dhaifu yanamjaa, na moyo unapoteza mapigo. Sasa tunajua la kufanya. Kaeni nje."

Nje kulikuwa na benchi. Walikaa, nafasi ya mtu mmoja ikiwa katikati yao.

"Mama watoto," Mzee Funguo alisema hatimaye, "ungeniuliza."

"Ungekubali."

Akafikiri. "Ningekubali," alisema. "Tungekuwa wakosaji wawili." Akasogea, ile nafasi ikaisha.

Baada ya saa mbili daktari akatoka. Mapigo yalikuwa yamerudi mahali pake.

Yule muuguzi mrefu naye alikuja. Bi Sindano alisimama kama mtoto mbele ya mwalimu. "Mnamfukuza?"

"Hapana, mama. Siri yake imefunguliwa, kwa hiyo vile vidonge ataviacha. Dawa zake nne anaendelea nazo, na sisi tunaendelea kumpima. Habari zake bado zinatufaa. Na hili la leo tutaliandika na kulipeleka kwenye kamati."

"Mtaandika aibu yangu?"

"Tutaandika kilichotokea, bila jina lako. Ungenyamaza, dada yako angekufa. Nasi tungehesabu vidonge, tukadhani mzee kavimeza, tukaandika uongo. Uongo huo ungewafikia wagonjwa wengine." Akamwashiria aketi. "Na sisi tumekosea. Tulisema ni vya ziada, na kwenu cha ziada ni cha kugawa. Tulitakiwa kueleza kwamba dawa hii inapewa mtu baada ya kuzipima figo zake. Ni yake peke yake, hata ikibaki."

Dada Mkubwa alirudi nyumbani baada ya siku sita. Kuanzia mwezi uliofuata, muuguzi alimwomba Bi Sindano akae kliniki asubuhi moja kila wiki. Anakaa na ndugu za wagonjwa wapya. Hawaambii waingie kwenye utafiti wala wasiingie. Anawaambia waulize, wasisaini kwa haraka, waitunze kadi, na vidonge wavirudishe. Kisha anawasimulia habari ya vidonge vitano, na hapo hakuna anayesinzia.

Juzi juzi Dada Mkubwa naye aliitwa. Kuna utafiti mwingine, wa watu wenye moyo uliochoka na figo dhaifu. Alikuja na fomu nyumbani, akaandika maswali saba nyuma yake. Bado hajasaini. Anasema swali la tano halijajibiwa vya kumridhisha.

Leo asubuhi alikuwa ameketi mbele ya kibanda, dawa zake kiganjani, kikombe cha maji mkononi.

"Shemeji, kitendawili."

Tupa ikanyamaza. Dirishani, mguu wa Bi Sindano ukasimama.

"Tega," Mzee Funguo alisema.

"Nameza peke yangu mbele ya wageni, na hakuna aniitaye mchoyo."

Kimya kikawa kirefu. Bi Sindano akachungulia. Mumewe alikuwa akikuna kidevu, anatazama juu, na pembe ya mdomo inamcheza. Jibu alikuwa nalo, tena kitambo.

"Nimeshindwa," alisema, akainuka kwenda kuosha vikombe.