Inchi Sita

Mwaka wa sitini na nne, uhuru ukiwa bado mchanga na bendera mpya hazijapauka kwa jua, pikapu ya kijani ilikwama Likoni mbele ya macho ya watu.

Ilikuwa ikishuka kwenye feri, imejaa saruji ya kupeleka Diani, ambako hoteli zilikuwa zikijengwa moja baada ya nyingine. Magurudumu ya mbele yalipoushika mwinuko wa nchi kavu, nyuma ilididimia kwa uzito, bomba la moshi likakwaruza chini, na gari likagoma hapo hapo. Magari yaliyofuata yakapiga honi. Abiria wa miguu wakawa wanalizunguka huku kila mmoja akitoa lake.

Dereva alikuwa Boga, kijana wa Ukunda mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na nywele zilizong'aa mafuta. Gari lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua kwa mzungu wa shamba la miwa aliyekuwa akirudi kwao. Hakuna alichokipenda kama kuonekana ndani yake, na hakuna alichokichukia kama kuonekana hivi.

"Kaka," sauti ya kike ikamwambia dirishani, "gari lako limechoka au linasujudu?"

Watu wakacheka. Boga akageuka, masikio yanamwaka moto, akamwona msichana aliyevaa buibui lililoteleza mabegani, gauni la maua mekundu chini yake, na viatu vya manjano ambavyo havikufaa kabisa kwa tope la Likoni.

"Linasujudu, dada. Limemwona anayestahili."

"Astaghfirullahi! Husujudiwa Mungu peke yake."

"Basi limeinama tu, kwa adabu."

Msichana akaziba mdomo kwa ncha ya buibui asionekane akicheka. Wapakizi waliposhusha nusu ya magunia na kulisukuma gari mpaka juu, Boga alimkuta bado amesimama pale, akitazama saa yake ndogo ya mkononi.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Diani, kazini. Nilitumwa mjini, na nimechelewa kwa sababu yako."

"Basi nami nikufikishe kwa sababu yangu."

Jina lake lilikuwa Biasha. Alikuwa akipokea simu kwenye hoteli mpya ya ufukweni. Siku za kazi alilala Ukunda kwa shangazi yake, na kila Alhamisi jioni alikwenda kwao Bodo, kwa mama yake mjane, Bi Mwanaima. Alipomwambia Boga haya, Boga alijaribu kukumbuka ni nani katika Ukunda mwenye simu. Alikumbuka muuza petroli.

Asubuhi ya kesho yake simu ya hoteli ikalia.

"Hoteli, habari za asubuhi."

"Nzuri. Nataka kuzungumza na meneja."

"Meneja ana shughuli, bwana."

"Basi nipe mwenye viatu vya manjano."

"Huyo ana shughuli zaidi."

"Shughuli gani?"

"Anamsikiliza mwendawazimu kwenye simu."

Ikawa kila siku ni hivyo, mpaka muuza petroli akasema simu yake imegeuka kuwa ya ukoo wa Boga. Masika yalipokuwa yamepamba moto, Boga akamwendea mjomba wake, Mzee Matano, akamwomba ampelekee posa Bodo.

Wazee walipanda nyuma ya pikapu katika kanzu zao nyeupe. Njia ya Bodo, ukishaacha barabara kuu, ilikuwa tope jeusi lenye mifereji ya magurudumu. Mahali ambapo paa la nyumba ya akina Biasha lilikuwa linaonekana kabisa, tumbo la gari likakaa juu ya tope na magurudumu yakabaki kuzunguka bure. Wazee wakashuka. Kanzu zikaingia tope mpaka magotini. Vijana wa Bodo wakaja kusukuma, na posa ikaingia nyumbani kwa miguu, ikinuka matope.

Ilipokewa. Harusi ikapangwa baada ya Idi. Lakini Boga hakusikia furaha. Masikioni mwake mlikuwa na vicheko vya vijana wale tu.

"Nitaliinua," akamwambia Biasha. "Halitakwama tena mbele ya mtu yeyote."

Wakavuka kwenda Mombasa pamoja siku Biasha alipopata mapumziko. Fondo, fundi wa Mwembe Tayari, aliwatandazia gunia chini akapanga vyuma juu yake.

"Kuna njia mbili," akasema. "Haya ni majani ya springi. Naongeza mawili kila upande. Gari litapanda kama inchi mbili, litabeba mzigo bila kuchuchumaa, ila litakurusha kidogo likiwa tupu. Njia ya pili ni matofali haya ya chuma. Nayaweka kati ya springi na ekseli ya magurudumu, tena nakutafutia magurudumu makubwa. Hapo unapanda inchi sita. Tope hutalijua. Lakini litayumba kwenye kona, na kulipanda itakuwa kama kupanda mnazi."

Boga akachuchumaa, akashika jani la springi, akaliweka chini, akashika tofali. "Inchi mbili zatosha Bodo?"

"Zatosha, ukienda taratibu."

Biasha alikuwa amevaa mtandio wa rangi ya bizari siku hiyo, na amejipaka wanja. Uani kwa Fondo palikuwa na Land Rover ya serikali, ndefu, na ndani yake amekaa mwanamke wa kutoka bara, miwani ya jua usoni, kiwiko dirishani, akiwatazama watu kutoka juu kama mtu ambaye hajawahi kutia mguu chini. Biasha alimtazama kwa muda. Kisha akaweka kidole juu ya tofali la chuma.

"Hili."

"Hili?" Boga akauliza. "Na mama atapandaje?"

"Mama atazoea. Mpenzi wangu, wewe ulisema hutaki kuchekwa tena. Nami nataka nikikaa ndani niyaone mapaa ya Ukunda."

Boga akamtazama Fondo. Fondo akainua mabega. "Mimi ni fundi, si babako. Nifunge lipi?"

"Lile alilosema," Boga akajibu kwa raha, kwa sababu ndilo alilolitaka tangu mwanzo.

Watu wa Ukunda waliliita Twiga siku ya kwanza lilipopita. Boga alilipenda jina hilo. Tope la Bodo hakulijua tena. Kwao Biasha walikigeuza kinu kichwa chini, Bi Mwanaima akakanyaga juu yake, akashikwa mkono na bintiye, akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haya nyingi na goti lililomsumbua tangu zamani. Na kwa kuwa Boga alikuwa mkwe mtarajiwa, hakumtazama usoni, wala Boga hakumtazama yeye. Ndivyo ilivyo kwao: mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, macho chini, maneno machache.

Siku ya Jamhuri, Boga alijitolea kuwapeleka sherehe za Msambweni. Bi Mwanaima alivaa leso mpya alizonunuliwa na bintiye, akakaa mbele kati yao, amejisogeza upande wa bintiye, akanyamaza njia nzima. Uwanja ulifurika. Boga akaliingiza Twiga katikati ya watu pole pole, kiwiko dirishani, vijana wakalipigia miluzi. Biasha akashuka kwanza, akageuka kumpokea mama yake.

Hapakuwa na kinu pale. Bi Mwanaima akageuka, akaushusha mguu, akaitafuta ardhi, hakuipata. Leso yake ya chini ilikuwa imenasa kwenye kitasa cha mlango. Goti likakataa. Akaponyoka mikononi mwa bintiye akaanguka chali mavumbini, na leso ikabaki juu, ikining'inia mlangoni kama bendera. Mama wa watu akalala pale, miguu wazi, na shimizi iliyopanda juu ya mapaja, mbele ya kijiji na nusu.

Kisha mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti:

"Twiga amezaa!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

Boga aliona yote. Mkono wake ulikuwa juu ya kitasa cha mlango wake, lakini haukufungua. Alisikia "Twiga" ikirudiwa, akajua wanamtazama na yeye pia, na shingo yake ikageuka yenyewe upande wa pili, kwenye ukuta wa hospitali iliyokuwa kando ya uwanja, ikakaa huko. Aliushika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha.

Biasha alivua buibui lake akamfunika mama yake. Alipomwinua, akatazama ndani ya gari.

"Boga! Mamangu yuko chini, nawe umekaa?"

Wanawake wawili wasiojuana nao wakamshika Bi Mwanaima, wakaondoka naye. Boga alibaki na leso mlangoni, hajui aitie wapi.

Tangu siku hiyo Bi Mwanaima hakutoka nje. Kwenda kisimani akamtuma jirani. "Nitamtazamaje mkwe aliyeniona vile?" akawa anasema. "Na nitatazamwaje?"

Boga akapiga simu hotelini. Jumwa, mwenziwe Biasha wa zamu, ndiye aliyepokea.

"Biasha hayupo."

"Yuko wapi?"

Mnong'ono ukasikika. "Amesema nikwambie hayupo."

"Mwambie namsikia akipumua."

"Anasema basi sikiliza hivyo hivyo," Jumwa akasema, akakata.

Boga alidhani anachukiwa. Hakujua kwamba kila simu ilipolia Biasha aliinamisha kichwa mezani. Hasira yake juu ya Boga ilidumu siku chache tu. Kilichobaki ni kidole chake mwenyewe juu ya tofali la chuma, na maneno yake mwenyewe: mama atazoea. Angezungumza na Boga, ingembidi ayaseme. Na kwa mama yake hakuwa amesema neno. Alimwacha aamini ni wanaume na mambo yao ya magari.

Mzee Matano ndiye aliyeona njia. "Wewe si uligeuza uso?" akamwuliza mpwawe.

"Niligeuza."

"Basi ni adabu hiyo. Mkwe hamtazami mama mkwe. Nimeshatuma neno Bodo kwamba hukuona chochote, uligeuka kwa heshima. Mama wa watu amepumua. Ila anataka alisikie kinywani mwako. Nenda kaseme: sikuona. Neno moja, yaishe."

Boga akaenda, kwa baiskeli. Ilikuwa asubuhi, jua limeshachoma. Njia nzima alilirudia neno lile. Bi Mwanaima hakutoka. Alikaa ndani nyuma ya mlango uliorudishwa, na Biasha ubavuni mwake. Boga akasimama barazani, kofia mkononi, leso iliyofuliwa na kukunjwa chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikiwa.

"Mama, nimetumwa nije niseme kwamba..." Neno lilikuwa ulimini. Kulitema ilikuwa rahisi kuliko kutema mate. Akazitazama zile mbao za mlango, na mavumbi ya Msambweni yakamrudia. "Mama, sikugeuka kwa adabu. Niligeuka kwa kuwa niliona haya, nikaogopa watu wasije wakanicheka mimi. Wewe ulikuwa chini, nami nilikuwa najifikiria mimi. Ningeweza kushuka. Ningeweza hata kulala chini mavumbini wanicheke mimi wakuache wewe. Sikufanya. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nisikudanganye."

Kuku walipita uani. Kisha sauti ya Bi Mwanaima ikaja, ndogo, kavu:

"Na ni nani aliyelipandisha gari lile namna ile?"

"Ni mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Biasha alikuwa amekaa mkekani, magoti kifuani. Hilo "peke yangu" lilimpita kama maji ya moto. Angeweza kulinyamazia, Boga alikuwa amempa hiyo nafasi kwa moyo wake wote. Akajifunika uso kwa mtandio.

"Si kweli," akasema humo ndani. "Mama, ni mimi. Fundi alionyesha la chini na la juu. Boga aliuliza wewe utapandaje. Mimi ndiye niliyesema utazoea."

Bi Mwanaima akageuka, akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Biasha hakuinua macho.

"Nitazoea," mama akarudia.

"Nisamehe, mama."

"Ulitaka kufanana na nani?" Bi Mwanaima akauliza, maana alimjua mwanawe. "Ulimwona nani huko mjini?"

Biasha akalia sasa, kwa sauti. Mama akashusha pumzi, akaunyoosha mguu wake mbaya, akalipapasa goti.

"Mmoja ananiangusha, mwingine anatazama ukuta," akasema. "Haya, oaneni. Asije mtu mwingine mzima akaharibikiwa na mmoja wenu." Kisha, kwa sauti ya kupita mlangoni: "Marahaba, mwanangu. Iache leso hapo barazani uende zako."

Biasha alimfuata Boga mpaka penye baiskeli. Walisimama mbali mbali, kila mmoja akitazama vidole vyake vya miguu.

"Kwa nini ulisema peke yako?" akauliza.

"Kwa kuwa nami nililitaka. Wewe ulisema tu kabla yangu."

"Ungenichukia ningekuelewa."

"Nilidhani wewe ndiye unayenichukia. Nimepiga simu mpaka muuza petroli amenifukuza."

"Nilikuwa nikisikiliza."

"Najua. Nilikusikia ukipumua." Akajaribu kucheka, kicheko kikashindikana. "Biasha, posa ilikuja ikinuka tope. Nataka kukuuliza mwenyewe, bila wazee. Utanikubali hivi nilivyo? Umeshaniona nilivyo."

"Nami umeniona." Akafuta wanja uliomchirizika. "Nimekubali. Ila nitakuwa naona haya siku nyingi."

"Tutaona haya pamoja."

Fondo aliyafungua yale matofali bila maswali, akafunga majani mawili ya springi kila upande. Waliliita Twiga vile vile. Jina baya halishuki kwa spana.

Harusi ikawa baada ya Idi, Bodo. Biharusi alipopandishwa garini kwenda Ukunda, shangazi wakamwambia Bi Mwanaima apande mbele amsindikize mwanawe mpaka barabara kuu. Boga alikuwa ameweka ngazi ndogo ya mbao mlangoni. Bi Mwanaima akaitazama ngazi, akatikisa kichwa.

"Nitamsindikiza kwa miguu yangu," akasema.

Akajifunga leso zake vizuri, akatangulia njiani kwa mwendo wake wa kuchechemea. Boga akatia gia ya kwanza. Akaendesha nyuma yake pole pole, macho chini, akimfuata hatua kwa hatua, na Biasha kando yake amejifunika uso. Wote waliokuwa nyuma, wenye baiskeli na wenye ngoma, wakapunguza mwendo, wakaenda kwa mwendo wa yule mama. Hakuna aliyemhimiza.