Nyumba ya Mabiringanya

Umewahi kumwona bibi wa miaka sabini na moja akipanda ngazi za ofisi mara tatu kwa siku mbili, kwa sababu tu ya jina la nyumba yao? Mimi nimemwona. Ni Bibi Subbayamma wa kijiji cha Pedapalem, kule kwenye mifereji ya wilaya ya Guntur, India. Aliyempandisha ni mjukuu wake mwenyewe, Hasini, mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Kila asubuhi kazi ya Hasini ilikuwa ni kufagia mbele ya mlango, kunyunyiza maji mpaka vumbi litulie, kisha kuchora maua ardhini kwa unga mweupe wa mchele. Jumatano hiyo mistari yake ilienda upogo, ua moja likatoka kama kaa aliyekanyagwa.

"Bado unachora tu?" bibi yake aliuliza kutoka jikoni. "Njoo ule vitumbua vyako vya idli twende. Karani akishakunywa chai ya saa nne hapatikani tena."

Hasini alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana ya Nallacheru. Kijiji kizima kilijua. Baba na mama yake, waliokuwa wakifanya kazi ya ujenzi mbali huko Hyderabad, walilia kwenye simu kwa furaha. Ilibaki karatasi moja tu ipigwe muhuri kwenye ofisi ya elimu, na mwisho wa kuripoti ulikuwa Jumamosi. Asiyeripoti, nafasi yake hupewa mwingine.

Karani alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, jina lake Koteswara Rao. Alitazama cheti cha kuzaliwa, akatazama kadi ya mgao wa mchele, akatazama orodha ya waliofaulu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, aliyefaulu ni Vijayagiri Hasini. Huyu uliyeniletea ni Vankayala Hasini. Huyu simjui."

"Humjui vipi naye kasimama mbele yako?"

"Namwona, mama. Lakini karatasi haimwoni."

Kwao jina la nyumba, yaani la ukoo, hutangulia, la mtu hufuata, na wengi hulifupisha hilo la mbele likawa herufi moja na nukta. Shuleni Hasini alikuwa V. Hasini tangu darasa la kwanza. Ile V ilikuwa Vankayala, yaani mabiringanya. Sasa Vijayagiri ilitoka wapi?

"Hawa watu wa kompyuta!" Bibi Subbayamma alifoka. "Wanabonyeza wakiwa wamelala!"

Hasini alitazama vidole vyake vya miguu.

"Andikeni barua mnieleze kosa lilitokeaje," karani alisema. "Mtoto aandike mwenyewe."

Wakashuka. Wakakaa kwenye benchi chini, Hasini akaandika kwamba kosa ni la aliyeingiza majina kwenye kompyuta. Wakapanda tena. Karani aliisoma ile barua polepole, akaikunja mara mbili, akairudisha.

"Hii hainitoshi. Leteni nyingine kesho."

"Ina kasoro gani? Mwandiko mbaya?"

"Mwandiko mzuri sana, mama."

"Sasa?"

"Kesho, mama."

Kwenye bajaji ya kurudi, Bibi Subbayamma alizungumza njia nzima, na dereva akawa anaitikia. Alimsema karani, akaisema miwani ya karani, akamsema na aliyemfundisha karani kusoma. Hasini alijibana pembeni. Kila bibi alipomtetea, alihisi kama anavishwa nguo ya mtu mwingine.

Usiniulize kwa nini hakusema palepale. Uongo ukishakaa siku moja hupata kiti.

Alhamisi asubuhi Hasini aliandika barua ya pili. Safari hii aliandika kwamba fomu ilijazwa na mwalimu wao wa darasa, Bi Bhanumathi, na huenda alichanganya majina. Bibi, ambaye aliishia darasa la tano na husoma akifuata mstari kwa kidole, aliisoma yote.

"Bhanumathi? Yule anayewafundisha jioni bila malipo?" Akashusha pumzi. "Haya. Hata mwalimu huchoka."

Wakapanda ngazi mara ya tatu. Katikati bibi alisimama, ameshika ukuta, jasho limelowesha ncha ya sari aliyojifutia usoni. Walipofika juu hakungoja kukaribishwa. Aliketi kwenye kiti mbele ya meza na kuweka mfuko wake juu ya mafaili.

"Bwana karani, leo sishuki bila muhuri. Nimekuja na maji ya kunywa, nimekuja na wali wa mtindi. Nitakula hapahapa."

Koteswara Rao alisoma barua. Uso wake ukabadilika.

"Hili sasa ni jambo kubwa," alisema. "Mwalimu akikosea jina la mtoto kwenye fomu ya serikali huitwa kujieleza, na huandikiwa onyo. Ngoja nimpigie simu aje sasa hivi."

Akainua simu, akaanza kubonyeza namba. Moja. Mbili. Tatu.

Hasini aliona kama anamwona Bi Bhanumathi akipanda zile ngazi na mkoba wake wenye daftari za wanafunzi.

"Usipige!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka watu kwenye foleni wakageuka. "Niliandika mimi! Mwalimu alitugawia fomu tu. Vijayagiri niliitoa kwenye kibao cha ukumbi wa harusi."

Feni ya dari ilikuwa ikilia kwik, kwik.

Karani aliweka simu chini. Akavuta droo, akatoa fomu yenyewe. Mwandiko ulikuwa wa Hasini, herufi zake za mviringo kabisa.

"Hii iko hapa tangu jana," alisema.

Bibi Subbayamma aligeuka mzimamzima. "Ulijua? Ukaniacha nipande?"

"Mama, nisamehe. Mimi siwezi kumwandikia mtoto ukweli wake. Sheria inataka maelezo yake yeye."

"Wewe nitarudi kwako baadaye," bibi alimwambia, kisha akamgeukia mjukuu. "Na wewe! Jina la baba yako lilikukosea nini?"

"Nanamma, bibi yangu, wananicheka." Hasini alianza kulia. "Kila siku. 'Biringanya, leo kilo unauzaje?' Likipikwa biringanya kwenye chakula cha shule, Lohith anapiga kelele, 'Msile, ni shangazi yake Hasini!'"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Bibi alimtazama, naye akaacha.

"Mimi nilidhani umeniibia, kumbe umeogopa mboga," alisema. "Sikiliza. Hakukuwa na mfalme wala panga kwenye jina hili. Babu wa babu wa babu yako alikuwa na kipande cha ardhi kando ya mfereji, kibaya, mpunga hauoti. Akapanda mabiringanya. Yakazaa mpaka yakamchosha, akawa anawagawia wapita njia. Watu wakiuliza njia wanaambiwa, geukia pale kwa mabiringanya. Likakaa. Siku hizi simama stendi uite Vankayala, watageuka watu ishirini, na daktari mmoja wa meno atakuwemo. Sisi ndivyo tulivyo. Wako kina Ukwaju, wako kina Pilipili."

"Na kina Boga," karani alisema, akijikohoza. "Mimi ni Gummadi, yaani boga. Nilipokuwa mnene shuleni, mama, usiombe."

Bibi Subbayamma alimtazama tumbo, akajizuia kucheka kwa shida.

Hasini aliandika barua ya tatu, mistari minne, bila kufuta. Alipomaliza, bibi alimshika kidevu, akamwinua uso.

"Jina hukulichagua, kwa hiyo hakuna wa kukulaumu. Uongo ndio ulioutunga mwenyewe. Na umeona ulivyotembea? Mwanzo ulikuwa wako. Jana ukaenda kwa mtu wa kompyuta asiyekujua. Leo ulikuwa unamkalia mwalimu wako kichwani. Ukisema kweli mapema, unalia peke yako dakika tano. Ukichelewa, unaliza wengine. Jioni unakwenda kwa Bhanumathi, na mimi sikusindikizi."

"Ndiyo, nanamma."

Muhuri ukapigwa. Karani akasukuma karatasi mbele, lakini akaishikilia kidogo kwa kidole.

"Niambie mtoto. Ulipoandika lile jina la ukumbini, ulikuwa unataka nini hasa?"

Hasini alifuta pua kwa mgongo wa mkono. Alifikiri.

"Nilitaka nifike Nallacheru nikiwa mtu mwingine," alisema. "Sasa nataka kufika tu."